Sefu Lililosusa

Benchi la kona lilizoea kubeba watu wanne na birika la kahawa. Siku hiyo lilibeba watatu na sefu. Lilikuwa sefu la Mama Pacha, mwenye kibanda cha kutuma pesa hatua chache kutoka hapo, na lilikuwa limegoma kufunguka. Ndani mlikuwa na pasipoti ya mdogo wake, aliyepata kazi ya upishi melini. Basi lake lilikuwa liondoke saa kumi kamili, na sasa ilikuwa saa tisa na nusu. Wiki iliyopita Mama Pacha alibadilisha namba za siri, na leo, kwa haraka, akabonyeza zile za zamani mara tatu. Alipozikumbuka zile mpya, sefu halikutaka hata kuzisikia. Lililia pii, pii, pii, taa nyekundu ikawaka.

— Betri hizo, mama, alisema Kinyozi, mmoja wa wale watatu wa benchini. Zimechoka kama wembe wa mwaka juzi.

Akachomoa za mashine yake ya kunyolea, akaziweka, akamwambia abonyeze. Pii, pii, pii.

Fundi Redio akamsogeza kwa kiwiko. Kwa maelezo yake, mlango ulikuwa umevimba kwa jua. Akaupepea kwa gazeti, akaupiga makofi mawili ya mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, kisha naye akamwambia Mama Pacha abonyeze. Pii, pii, pii.

— Nyinyi hamjui masefu, alisema Mzee Zamu, aliyelinda mageti miaka thelathini. Hili limeona kundi la wanaume limemzunguka mwanamke mmoja. Linadhani anaibiwa.

Alisema kwa uzito hata Mama Pacha akaanza kuamini. Basi wote wakaamriwa wageuze migongo, na muuza kahawa naye, birika mkononi. Mama Pacha akabonyeza kwa upole, akiwatazama visogo vyao. Pii, pii, pii.

— Dada, alisema mdogo wake, saa kumi kasoro robo.

Kazi hiyo kijana aliisubiri miaka miwili, na kuhusu pasipoti, ni Mama Pacha mwenyewe aliyemwambia, nipe mimi nikutunzie.

Fundi Redio alikuwa ameshashika bisibisi, Kinyozi akimvuta shati, wakabishana kama mlango unavutwa au unasukumwa, na kila mmoja akabonyeza vitufe kuthibitisha lake. Hapo akafika mama mmoja mfagiaji wa ofisi, akaomba kikombe cha kahawa. Akawasikiliza mpaka akamaliza nusu.

— Kwani mmeliacha kwa muda gani bila kuligusa?

Kinyozi akamtazama Fundi Redio. Mzee Zamu akakohoa.

— Ofisini kwetu lipo kama hilo, akaendelea. Ukilikosea mara tatu linasusa dakika kumi. Ukiligusa kabla, linaanza kuhesabu upya. Wakubwa huwa wanatoka nje kabisa.

Mdogo mtu akatazama saa. Dakika kumi na tatu zilibaki, na stendi ilikuwa nyuma ya majengo yale.

Mama Pacha, ambaye tangu asubuhi hakuwa amepaza sauti, alimpa Fundi Redio vikombe viwili vilivyojaa, kimoja kila mkono. Kinyozi akapewa birika. Mzee Zamu akakalia mikono yake mwenyewe. Kisha Mama Pacha akakaa ukingoni mwa benchi, mdogo wake akakaa ubavuni pake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na la kufanya. Akamwambia avae soksi nzito, na asinyamaze sana akiwa mgeni.

— Na wewe, dada, usinyamaze sana hapa.

Dakika zilipotimia alibonyeza namba peke yake. Taa ikawaka kijani, kitasa kikazunguka. Kijana akaichukua pasipoti, akamkumbatia dada yake mara moja, kwa nguvu, akatimua mbio kuelekea stendi.

Wote walisimama kumtazama mpaka alipokata kona, Fundi Redio akiwa bado na vikombe vyake viwili, hakuna hata tone lililomwagika.