Sukumaran Aacha Nakala ya Wizi

Asubuhi ya Vijayadashami, siku ambayo watoto wa Kerala hushikwa kidole wakaandika herufi ya kwanza juu ya mchele, benchi la kahawa la Janaki lilijaa mapema. Sukumaran mpiga chapa alikaa pembeni, macho kwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara. Kompyuta yake ilikuwa imekaa siku mbili mbele ya picha ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, pamoja na vitabu, bila kuguswa, ndiyo desturi. Kabla ya hapo mpwa wake alikuwa amefuta mfumo wote wa zamani na kuweka mwingine uitwao Linux. Leo ni siku ya kuiwasha, na saa nne wazee kumi na wawili watakuja kuandikiwa maombi ya pensheni.

— Umejitia kitanzi, kaka, — alisema Pappachan, aitwaye Redio kwa kuwa hana swichi ya kuzima. — Ile ya zamani ilikukosea nini?

— Ilikuwa ya wizi. Miaka kumi na miwili napiga chapa viapo vya watu kwa nakala ya wizi. Viapo, Redio! Mungu anisamehe.

— Na hii umenunua wapi?

— Haiuzwi. Watu wameiandika, wakaacha mlango wazi. Ichukue, ifungue uone matumbo yake, mpe na jirani. Hata herufi zetu za Kimalayalam kuna waliokaa wakazichora, bure. Mmoja ni wa hapo Thrissur!

Moideen akakohoa. Huyu huitwa Wakili, tangu alipotoa ushahidi mahakamani siku moja.

— Mtego huo. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Maana yake, vya bure vimeibwa.

— Siyo maana yake, — alisema Janaki.

— Siku moja mwenyewe atakuja na karatasi. Atabeba kibanda, na benchi hili.

— Benchi langu, thubutu!

— Haina mwenyewe, — Sukumaran alisema taratibu, kama yuko hekaluni.

— Mimi nasikia walioiandika ni watawa, — Redio akadakia. — Elfu saba, nchi ya barafu, hawasemi neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Juzi si ulisema ni majasusi? — Janaki akauliza.

— Wameokoka!

— Sikiliza, Sukumaran, — Wakili akamsogelea. — Diski ya zamani unayo?

— Iko kwenye mtoto wa meza. Sitaficha, jana nimeishika mara mbili.

— Basi irudishe. Wazee waandikiwe, utubu Jumatatu.

Ndipo akafika mwalimu Karthyayani kutoka kufundisha watoto, punje za mchele zimemnasa kwenye pindo. Wakamsimulia wote kwa pamoja. Akapokea kahawa yake.

— Kwa hiyo leo na wewe unaanza herufi, mwanangu. Jani la tambuu na sarafu anayotunzwa mwalimu wa herufi ya kwanza, utampa nani?

Redio akasogea kumpisha mwalimu kwenye benchi.

Sukumaran aliwafikiria walioiandika: huyo wa Thrissur, wengine wa lugha asizozijua, wengine pengine wameshazikwa.

— Sijui, mwalimu. Sijui hata niiname kuelekea wapi.

Akavuka barabara kwenda kuiwasha.