Chonge za Watoto wa Daa

Bwana asifiwe, wapendwa. Naona wengine mmegeuziana macho, maana mnanijua: mimi ni mtu wa kukaa benchi la nyuma na kukosoa shuhuda za wenzangu. Leo ni zamu yangu. Kosoeni tu.

Nimesimama kwa jambo moja. Kuna lawama ambayo kijiji hiki cha Daa kimembebesha binti yangu kwa miaka mitatu, na si yake. Nataka kuitua hapa mbele yenu, na mbele ya wakwe zake ambao nawaona.

Ndugu zangu, wengi wenu mmewahi kupita jikoni kwangu. Msiiname, sitataja mtu. Mlikuja na mtoto mchanga anayeharisha, ana homa, anatokwa mate, hataki ziwa. Nilipitisha kidole kwenye fizi, na nikikuta uvimbe nasema, "Haya ni meno ya plastiki. Yasipotolewa yanamla mtoto." Nilikuwa na spoki ya baiskeli niliyoinoa mwenyewe. Nachokonoa fizi, natoa kitu cheupe, laini, nakuonyesha kwenye kiganja, nawe unashukuru. Sikudai kitu. Ukiniletea sukari napokea.

Kazi hiyo nilifundishwa na mama yangu mdogo, na niliifanya kwa kiburi. Mtoto akipona, mimi ndiye niliyemponya. Akifa, nasema alicheleweshwa kuletwa. Mnaona ujanja huo? Sikuwahi kushindwa hata mara moja. Waliokufa ndio walioshindwa.

Basi binti yangu akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Mume wake alikuwa Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, anarudi mwisho wa mwezi. Mtoto alipofika miezi mitano akaanza kuharisha. Mama mkwe wake siku hizo alikuwa amekwenda Mbulu kwa ndugu zake, na kabla ya kuondoka alisema wazi, "Mtoto akiugua, zahanati." Binti yangu alimfunga mgongoni asubuhi, akashika njia ya zahanati. Njia hiyo inapita mlangoni kwangu.

Nilimwita. Nikamwambia, "Unakwenda wapi? Hao wa zahanati meno haya hawayajui, watakupa vidonge na mtoto atakufa."

Akasema, "Mama, nesi alituambia kliniki, mtoto akiharisha tumpeleke upesi."

"Nesi amezaa wangapi?"

Alicheka kidogo, kwa heshima. Halafu akamfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomuua mjukuu wangu. Sitafuti neno jingine.

Nilitoa manne. Damu ilitoka kuliko kawaida, nikaweka chumvi na majivu, nikasema itakata. Ilikata jioni. Kesho yake mtoto hakuweza kufungua mdomo kunyonya, na shavu lilikuwa limevimba. Nikasema tusubiri. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani na alikuwa halii tena, ndipo tukapanda bodaboda kwenda hospitali Karatu, mimi nimembeba mtoto, binti yangu nyuma yangu, njia yote tope.

Daktari alimulika mdomoni kwa tochi. Kisha akamuuliza binti yangu, "Nani amefanya hivi?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale, karibu kabisa. Binti yangu aliniangalia. Akamwambia daktari, "Sijui." Daktari akamkaripia sana, mama gani hajui nani amemkata mwanawe. Alikaripiwa machozi yakimtoka, na mimi nikaangalia sakafu. Daktari alitueleza kwamba uchafu umepita kwenye vidonda ukaingia kwenye damu, na maji mwilini yamekwisha. Walimtundikia dripu. Alikufa alfajiri.

Msibani watu wakaanza. Eti binti yangu alikuwa shambani anavuna mbaazi huku mtoto anaungua na homa. Eti alipuuza neno la mama mkwe wake. Mama mkwe alirudi akakuta kaburi, akaamini aliyoyasikia, na tangu siku ile hawajala chakula kwenye sahani moja. Binti yangu hakujitetea. Na mimi, mama yake mzazi, nilipika uji wa waombolezaji, nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu kifo kilikuja, na bado nikaendelea kuficha.

Baada ya mazishi niliacha kula vizuri. Msinionee huruma, nawaeleza tu. Nikisikia mtoto analia kwa jirani, nafunga mlango.

Miezi ikapita, akaja mama mmoja na mtoto anayeharisha. Nikaingiza kidole, nikakuta uvimbe ule ule. Spoki ilikuwa juu ya dirisha. Mkono wangu ukakataa, wallahi ukakataa, samahani mchungaji. Nikamwambia, "Inuka, twende zahanati." Akasema mbona mimi ndiye fundi. Nikamwambia, "Twende, nitakubebea mtoto."

Nesi alimpima mtoto, akampa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, akamwambia mama aendelee kunyonyesha. Nikamuuliza, "Na meno je?" Akaniita karibu, akafunua mdomo wa mtoto, akamulika. "Bibi, huu uvimbe ni chonge yake. Kila mtoto anazaliwa nayo humu ndani. Inasubiri zamu yake ya kuota. Ukiitoa, unatoa jino bichi."

"Na kuharisha?"

"Kuharisha ni kwa maji machafu na mikono michafu. Kunapita kwenyewe, mtoto akinyweshwa asikauke."

Nilikaa chini pale pale. Niliona watoto wote. Wapo vijana humu kanisani wanaocheka wamefunika mdomo kwa sababu chonge hazikuota, au zimeota kombo. Wanangu, nisameheni. Ni mimi niliyepita hapo.

Siku ile nilimwambia nesi ukweli wote. Hakunitukana. Alisema, "Basi wanakuamini wewe kuliko mimi. Walete." Tangu hapo anayekuja kwangu namsindikiza mwenyewe. Namshukuru nesi huyo. Nawashukuru kina mama wa jumuiya walionipikia nilipokuwa siwezi kuinuka kitandani, bila kujua wanampikia nani.

Ninalowaambia ni hili: mtoto akiharisha, akiwa na homa, akikataa ziwa, usipite kwa mtu yeyote njiani, hata kama ni mama yako mzazi. Fizi zake ziache.

Nimechelewa kusema, na mtoto harudi. Mkwe mwenzangu, dada yangu, uko hapo mbele. Binti yangu alikutii. Alikuwa njiani kwenda zahanati kama ulivyomwagiza, na mimi nikamzuia. Daktari alipouliza ni nani, alinificha. Ni mimi.

Siku hizi binti yangu huja ibadani akakaa karibu na mlango ili atoke kabla hatujasalimiana. Yuko pale, amevaa kitenge cha kijani. Naomba nikae. Lakini kwanza, dada yangu, sogea kidogo kwenye hilo benchi, umpe nafasi.