Breki ya Kinu cha Upepo Inatoa Moshi

BABU: Haloo? Nani huyo? Sina miwani, jina silioni.

THIRZA: Babu, ni mimi, Thirza. Shikamoo.

BABU: Marahaba, mjukuu wangu! Chai ya huku wodini ukiionja utalia. Na huu mguu wangu—

THIRZA: Babu, nisikilize. Kinu hakisimami.

BABU: Hakisimami vipi?

THIRZA: Nimefunga breki, mabawa bado yanazunguka. Upepo umekuja ghafla, halafu... [mkwaruzo wa simu] ...moshi.

BABU: Rudia! Moshi wa wapi?

THIRZA: Juu, kwenye gurudumu kubwa. Pale breki inapobana.

BABU: Wageni je?

THIRZA: Nimewatoa wote. Wamejificha kwenye magari yao kule barabarani.

BABU: Vizuri. Umetandaza turubai za kushika upepo kwenye mabawa mangapi?

THIRZA: Wageni ndio waliotaka, babu.

BABU: Thirza.

THIRZA: Yote manne. Walitaka picha. Kinapendeza kikiwa kimevaa.

BABU: Kimevaa! Kinakwenda harusini? Na wingu lile hukuliona?

THIRZA: Usinigombeze sasa, babu. Naogopa.

BABU: Haya. Haya, mama, sikugombezi. Fungua breki.

THIRZA: Nini?

BABU: Ifungue. Mbao zikisuguana hivyo zinawaka, na nyumba yenyewe mbao tupu.

THIRZA: Nikiifungua kitakimbia zaidi!

BABU: Kitakimbia, ndiyo. Wewe utakilisha. Shusha jiwe la juu mpaka libane, umimine ngano, usiache. Jiwe likipata kazi nzito, mabawa yatapunguza mbio.

THIRZA: Siwezi.

BABU: Wilf naye, kule kinu cha Thornby—

THIRZA: Usinitajie Babu Wilf!

BABU: Ndugu yangu aliing'ang'ania breki mpaka moto ukamkuta, Thirza. Fungua.

[Kishindo. Mbao zinalia.]

THIRZA: Nimefungua! Mungu wangu, sakafu inacheza, kila kitu kina—

BABU: Jiwe! Jiwe kwanza!

THIRZA: Nalishusha... limebana. Namimina. Babu, upo?

BABU: Nipo. Nesi, niache kidogo, sitaki kidonge! Thirza, nisogezee simu karibu na jiwe.

[Mngurumo mrefu.]

BABU: Linasaga. Linasaga, binti yangu! Na moshi?

THIRZA: Umepungua. Nadhani. Macho yanawasha, sioni vizuri.

BABU: Umebakiza magunia mangapi?

THIRZA: Hili, na mengine mawili.

BABU: Mawili tu.

THIRZA: Babu? Yakiisha?

BABU: Usiache jiwe likose ngano. Likigusana na mwenzake linatoa cheche.

THIRZA: Kwa hiyo yakiisha—

BABU: Kwa mbio hizo gunia moja ni dakika kumi. Jirani yetu Noreen ana trekta. Atafunga mnyororo kwenye mkia wa kinu, ule mti wa kukigeuzia, akizungushe, kiupe upepo ubavu. Na ana ngano ya kuku wake, ailete yote.

THIRZA: Mwambie basi! Mwambie!

BABU: Nina simu moja tu. Lazima nikate.

THIRZA: Hapana. Usikate, babu, tafadhali. Ukinyamaza nasikia... [mkwaruzo] ...kama kinataka kung'oka.

BABU: Hicho ni kilio chake tu. Hata baba yangu alipokuwa akisaga hapo wakati wa vita, kilikuwa kinalia hivyo hivyo.

THIRZA: Unanidanganya.

BABU: Kidogo. Bado unamimina?

THIRZA: Namimina.

BABU: Mlango wa ngazi uko wazi?

THIRZA: Nimeufunga, upepo ulikuwa unaupiga.

BABU: Ukaufungue. Uuegemeze na mzani ule wa chuma usijifunge tena.

THIRZA: Ili Noreen apitishe magunia?

BABU: Magunia? Ndiyo. Apitishe magunia.

THIRZA: Babu, kikiungua mikononi mwangu sitaweza kukutazama—

BABU: Sikiliza. Kinu kina miaka mia mbili na thelathini. Wewe una ishirini na miwili. Ukiona mwali, hata mdogo kama wa kiberiti, tupa gunia ushuke. Umenisikia?

THIRZA: Nimesikia.

BABU: Sema utashuka.

THIRZA: [mkwaruzo]

BABU: Thirza, sema!

THIRZA: Mpigie Noreen, babu. Gunia la pili nimeshalifungua.