Maji ya Kahawa ya Kitwana

Kijiwe cha Kongowe kina benchi moja la mbao, jiko la mkaa la Kitwana muuza kahawa, na watu ambao hawajawahi kukosa jibu. Asubuhi hiyo mbele yao lilisimama gari la Mbaraka, boneti wazi. Lilikuwa limechemsha saa mbili na nusu, alipokuwa akitoka kwenda Masaki ya Kisarawe kumchukua dada yake Maulida. Maulida alikuwa na mimba ya miezi tisa, miguu imevimba, na saa sita mchana alitakiwa awe amefika hospitali kusubiri upasuaji. Daktari alimkataza kabisa kupanda pikipiki. Sasa ilikuwa saa tatu.

— Fungua kifuniko, alisema Tito, ambaye hapo wanamwita Profesa. Unaogopa rejeta kama unaogopa mkwe.

— Bado ina moto. Nikifungua sasa, maji yatanirukia usoni.

— Imwagie maji ya baridi, alisema Bernard. Yeye wanamwita Waziri, kwa ajili ya ahadi zake. Moto ukipata baridi unanywea.

— Na chuma kinapasuka, Waziri. Tulia.

Mbaraka alisubiri. Kila alipogusa mpira wa juu wa rejeta alimwona dada yake ameketi kizingitini na mfuko wake. Mpira ulipopoa, alifunika kifuniko kwa kitambaa, akakizungusha taratibu, kisha akafungua kizibo cha chini. Maji yalitoka mekundu, mazito, na vipande vya kutu.

— Hilo limelogwa, alisema Waziri. Nani alipita hapa jana?

— Aliyepita ni Mbaraka mwenyewe na ndoo ya kisima, alijibu Kitwana. Kiangazi kizima anaongeza maji ya chumvi. Hata mimi sichemshii kahawa maji hayo.

Ilikuwa kweli.

— Tia sabuni ya unga, alisema Profesa.

— Apande Kisarawe anapuliza povu? aliuliza Kitwana.

— Basi ndimu. Ndimu inakula kutu.

— Ikimaliza kutu itakula rejeta.

— Sikilizeni, alisema Waziri. Mimi niliona lori limesafishwa kwa togwa. Likapanda mlima bila kubadilisha gia.

— Togwa au pombe?

— Dereva alikunywa iliyobaki, kwa hiyo sikupata kuuliza.

Hakuna aliyecheka sana. Saa nne ilikuwa imepita. Mbaraka alitazama kisima, akatazama matope mekundu chini ya gari.

Kitwana akainuka. Akavuta madumu yake mawili kutoka chini ya benchi.

— Haya ni ya mvua. Hayana chumvi.

— Na kahawa, mzee?

— Leo mtabishana na koo kavu.

Wakamimina, wakawasha injini kidogo, wakazima, wakasubiri, wakafungulia chini. Mara ya kwanza maji yalikuwa mekundu. Mara ya pili yakawa na rangi ya chai. Mara ya nne Mbaraka alitia mkono kwenye ndoo akaviona vidole vyake vyote. Akafunga kizibo, akajaza upya, akaacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukakaa hapo.

— Niliwaambia, alisema Profesa.

Ndipo akafika Hamisa, mke wa Mbaraka, na kanga mpya za mtoto mkononi.

— Shikamoo, mzee Kitwana.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba Saida, Maulida umempigia kumwambia umekwama? alimwuliza mumewe.

Profesa alichungulia kikombe chake kitupu. Waziri alikuna goti. Mbaraka alifungua mlango wa gari kwa mikono yenye kutu mpaka viwiko. Simu ilikuwa kwenye kiti. Ilikuwa imepigwa mara tatu na Rukaya, jirani yake Maulida, wao wakiwa kwenye sabuni na togwa.

Akapiga.

— Maulida kaondoka kwenda hospitali, alisema Rukaya. Tangu saa tatu na nusu, kwa pikipiki. Nilimkataza. Akasema kaka yake hawezi kumsahau, basi gari litakuwa limekufa.

Hamisa alipanda bila kuambiwa. Gari halijapata kuwa zima kama siku ile. Lakini njia nzima ya kwenda hospitali Mbaraka hakuutazama ule mshale hata mara moja. Alitazama kila pikipiki iliyotokea mbele yake, akimtafuta dada yake.