Chombo Kilichomo Tanurini

Nikalisheni, wanangu, mniegemeze ukutani, kisha mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Arbia, keti hapa. Awil, acha kuchungulia dirishani. Mvua hizi za El Nino zimeijaza Tana hadi ikaimeza barabara ya Nairobi, na hata mngenibeba mgongoni, hospitali kubwa hamfiki. Tumefungiwa humu kama mbuzi zizini, nyinyi na mimi na kifo changu. Naogopa, sitawaficha.

Nyumba ni yenu nyote wawili. Gurudumu la kufinyangia na tanuri ni vya Arbia, na wewe Awil utamkatia dadako kuni za mathenge bila kununa. Adeer yenu Mursal, ndugu wa baba yenu, aliyenicheka maisha yangu yote kwa kufinyanga chombo kisicho cha kupikia wala cha kuchotea maji, msimlipizie. Akija kuhani mpeni chai, lakini tanuri langu asilisogelee.

Kinachoninyima usingizi ni hicho chombo cha maua kilichomo tanurini. Bi Mitsuko, yule Mjapani aliyefundisha hapa chuo cha ufundi, alinielekeza nikiache kiinamishe shingo kidogo, nisikinyooshe, wala nisikipake rangi, bali jivu la kuni lenyewe likiangukie, liyeyuke, liwe kijani. Mama yangu kule Mwingi alichoma vyungu uwanjani na kuvitoa vingali vya moto, ndivyo mikono yetu ilivyozoea, na ndivyo nilivyovipasua vyangu vyote vya kwanza. Tanuri hili halitaki haraka. Likishazibwa, liacheni lipoe lenyewe. Hata nikifa msilifungue. Nizikeni kwanza, kando ya baba yenu kule juu kusikofika maji, na wajomba zenu wa Mwingi waambiwe barabara itakapopitika, maana hata maiti yangu haina pa kutokea.

Mbona mnatazamana? Arbia, nipe mikono yako. Jivu hili la wapi? Usiniite "hooyo, mama yangu" kisha unijibu "hakuna kitu."

Mmelifungua! Maji hayajagusa hata matofali ya chini, niliuliza asubuhi. Mliona mama atapoa kabla ya tanuri, mkataka nikione, sivyo? Usilie. Sema tu, kimepasuka?

Kimepasuka. Basi nimekasirika, na huenda nikafa nimekasirika kidogo, mnivumilie. Nendeni mkakilete. Kizungushieni leso, kisiwaunguze.

Subhanallah. Kijani chenyewe hiki, nilichokitafuta tangu Arbia hajazaliwa. Na ufa huu wote, toka shingoni hadi kitakoni! Hakitashika maji hata tone... Lakini kingali na moto. Kiwekeni hapa, miguuni. Miguu imekuwa baridi tangu alfajiri, sikutaka kuwatisha. Kisogezeni zaidi. Hapo.

Awil, mshike dadako mkono. Mungu awaweke pamoja, awape riziki ya mikono yenu, awape watoto watakaowaonea huruma kama... kama mlivyonionea mimi.

Msikiondoe, wanangu. Bado kina joto.