Mzee Makopo na Udongo wa Miaka Ishirini na Saba

Aliyelala mbele yetu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1951, mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mfyatua matofali, na ndiye aliyempa swali la maisha. Akiwa na miaka minane, mtoto alitaka kujua kwa nini udongo wa shimo moja unatoa tofali zuri na wa shimo la hatua kumi mbele unapasuka. Baba alikuwa na haraka ya kuwasha tanuri. "Kauulize wenyewe," akamjibu. Marehemu akaenda kuuliza, na hakuacha tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, sekondari hadi 1970, kisha chuo cha kilimo, alikopata stashahada mwaka 1974. Hakuwa wa kwanza darasani. Mwalimu wa kemia aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ni mzito kuanza na mbishi kuacha. Mama yake aliitunza karatasi hiyo akidhani ni sifa, na baadaye ikawa kweli ni sifa.

Tarehe 3 Machi 1975 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha utafiti wa udongo. Enzi hizo utafiti ulikuwa kuchimba mashimo, kuupa kila udongo jina na kuchora ramani, naye akaitwa Bwana Shimo. Mashimo yakapitwa na wakati, ikaja mbolea. Mbolea ikachokwa, ukaja mmomonyoko na matuta yake. Baada ya matuta vikaja vijidudu, na baada ya vijidudu picha za setilaiti, mtu akawa anatafiti udongo bila kuchafua viatu. Kila zama na kitabu chake, na kila mkuu wa kituo aliingia na kitabu kipya. Marehemu aliwatumikia wakuu sita. Kila mkuu alipelekewa andiko la utafiti lenye maneno anayoyapenda, lakini ukilifungua ndani unakuta shamba lile lile, namba nne, nyuma ya karakana.

Huko, tangu 1979, kila mwaka katika wiki ya kwanza baada ya mavuno, alichukua udongo mahali kumi na pawili pale pale, akaukausha na kuutia kwenye makopo ya maziwa ya unga. "Udongo haujui mwaka huu mnatafiti nini," alikuwa akisema. "Nyinyi badilikeni, mimi nipo." Kufikia 2005, mwaka wa mavuno ya mwisho ya shamba hilo, yalikuwa makopo 324 katika chumba namba tisa, na Bwana Shimo alishageuka Mzee Makopo.

Hapa lazima tutaje kosa lake, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Makopo yalikuwa na picha na maandishi ya kiwandani pande zote, kwa hiyo mwaka na mahali alivichonga kwa msumari juu ya kifuniko. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alifundishwa siku ya kwanza: andika kwenye kopo, si kwenye kifuniko. Ya kwake alisema atayarekebisha mwakani. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimuoa mpiga chapa wa kituo. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, aliinama uani, akachota udongo, akaulowesha kwa mate na kuuviringisha vidoleni ili ajue una mfinyanzi kiasi gani. Baba mkwe akamgeukia bintiye.

"Binti yangu, huyu umemuokota wapi?"

"Ofisini, Baba."

"Haya, mpe kiti. Na maji ya kunawa."

Mungu akawajalia watoto watatu. Wa pili, binti anayesoma wasifu huu, aliolewa Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 2006, na kwa ajili yake marehemu aliomba likizo ya wiki moja, ya kwanza baada ya miaka minne. Wiki hiyo mvua kubwa ikavujia chumba namba tisa. Mkuu wa kituo hakujali, maana chumba kilishapangiwa kompyuta. Walioona huruma ni akina mama wawili wa usafi. Waliyatoa makopo majini, wakayafungua yote, wakayaanika juani bila kumwaga hata punje. Vifuniko wakaviosha kwa sabuni katika ndoo tatu.

"Mzee, tumekuokolea udongo wako," walimwambia aliporudi. "Haujaharibika hata kidogo."

Aliangalia makopo, akaangalia ndoo. "Ahsanteni sana, mama zangu," akasema, kisha akaketi kwenye ngazi. Hakuwashtaki kwa yeyote. Binti yake alikaa karibu miaka miwili bila kujua. Alipojua, aliionea aibu harusi yake mwenyewe, na aibu hiyo haijamtoka.

Mwaka 2008 zama zikageuka tena. Sasa kila mtafiti alitaka kujua ardhi imepoteza kaboni kiasi gani kwa miaka mingi ya kulimwa, na kwa hilo ulihitajika udongo wa zamani, wa shamba moja, uliochukuliwa mwaka hadi mwaka. Tarehe 9 Juni wageni watatu walifika kituoni wakiuliza kama kuna mtu mwenye kitu cha namna hiyo. Marehemu akawafungulia chumba. Kiongozi wao, mama mpole, alinyanyua kopo moja, akaligeuza.

"La mwaka gani hili, Mzee?"

"Sijui."

"Na hili?"

"Mwanangu, miaka yote imo humu. Ila sijui upi uko wapi."

Yule mama aliliweka kopo chini taratibu. "Basi Mzee, udongo bila mwaka hatuwezi kuutumia." Gari lao liliondoka kabla ya saa sita.

Alistaafu 2011, akayahamishia makopo nyumbani. Kila asubuhi alilinganisha duara la kutu la kopo na la kifuniko, moja baada ya jingine. Alipatanisha arobaini na moja. Tarehe 22 Februari 2019 kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto aliongeza mawili. Mwaka jana figo zilianza kushindwa. Siku tatu kabla ya mwisho alimuuliza mkewe, "Tumefika mangapi?"

"Arobaini na matatu."

"Bado mia mbili themanini na moja," akasema, na hesabu ilikuwa sawa. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tano asubuhi.

Katika wasifu kama huu husemwa kwamba kazi ya marehemu itaendelezwa. Familia haitasema hivyo. Shamba namba nne sasa ni maegesho ya magari, na hakuna aliyeyaulizia makopo. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa sahihi maisha yake yote, na haikumsaidia kitu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mkubwa. Wapo pia akina mama wawili wa usafi, ambao aliagiza wakae hapa mbele pamoja na wanawe.

Jana seremala alileta jeneza, kibao cha jina kimepigiliwa juu. Mama yetu akamwambia akitoe.

"Lakini Mama, sisi huwa tunaweka kwenye kifuniko."

"Najua, baba. Huyu muandike ubavuni."

Ndivyo alivyoandikwa. Alale salama. Tarehe zake anazo.