Mti wa Baba Mbele ya Mlango

TITO: Haloo? Ni nani? Simu mpya hii, majina yote yamepotea.

DOMINIKA: Dominika.

TITO: Aa, mdogo wangu! Hata shikamoo hakuna? Kukaa huko Njoro tu, salamu umesahau—

DOMINIKA: Mti wa kahawa wa Baba uko wapi?

(Mtandao unakwaruza.)

TITO: Nani kakwambia?

DOMINIKA: Mkeo Margareta katuma picha. Eti, “Wifi, Krismasi hii magari yatafika mpaka mlangoni.”

TITO: Sasa ndugu yetu Fredy atoke Dar na gari lake, aliache barabarani?

DOMINIKA: Kwa hiyo ukakata—

TITO: Mti umezeeka! Buni zenyewe kiganja kimoja.

DOMINIKA: Lakini ugonjwa wa chulebuni haukuugusa hata mwaka mmoja! Kihamba kizima hapo nyumbani matunda yanaoza, wenyewe umesimama. Kisiki kipo?

TITO: Nimeking'oa.

DOMINIKA: Matawi?

TITO: Tumepikia mtori.

DOMINIKA: Mungu wangu, Tito!

TITO: Tito? Leo mimi si kaka?

DOMINIKA: Na mifuko ya karatasi niliyofunga kwenye kahawa ya Mama?

TITO: Zile hirizi zako? Nimezitoa. Katekista kapita, kauliza kama siku hizi tunaenda kwa mganga.

DOMINIKA: Hirizi! Nilipaka chavua ya mti wa Baba kwenye maua yale, nikayafunga nyuki wasilete nyingine, ili nipate miche isiyougua kama ule. Umeitoa lini?

TITO: Juzi. Siku niliyokata.

DOMINIKA: Nilipaka Jumamosi, siku tatu kabla hujaitoa... Basi huenda viini vimeshaungana.

TITO: Viini gani?

DOMINIKA: Cha chavua na cha yai. Hapo ndipo mti mpya unapoanza. Kwenye ua huungana mara mbili: huku mtoto, huku chakula chake.

TITO: Kwa Margareta huungana mara moja, chakula natafuta mimi.

DOMINIKA: Usinichekeshe, nina hasira! Kwenye uyoga ndiko viini viwili hukaa chumba kimoja siku nyingi bila kuungana—

TITO: Kama wewe na Godlove na uchumba wenu usioisha.

DOMINIKA: Koma! Mti ule ulikuwa mmoja tu. Ungenipigia simu!

TITO: Na wewe ungekuja! Tangu mazishi ya Baba unakuja kupaka maua, unaondoka. Mimi ndiye nafungua mlango huu kila asubuhi. Naona pale pale alipoanguka. Chini ya mti huo, Dominika. Kila asubuhi!

(Karatasi zinachakacha upande wa Tito.)

DOMINIKA: Hukuniambia.

TITO: Uliuliza?

(Mtandao unakwaruza.)

DOMINIKA: Kaka... upo?

TITO: Nipo. Hayo maua yameshanyauka. Ina maana yameshika?

DOMINIKA: Hatutajua leo. Tunda la kahawa hukawia kukua. Usiyaguse. Mbuzi wasifike hapo.

TITO: Na mifuko?

DOMINIKA: Haina kazi tena. Kama viliungana, viliungana.

TITO: Ungesema mapema, basi.

DOMINIKA: Kwa nini?

TITO: Tangu uanze kunifokea niko hapa kwenye kahawa ya Mama, naifunga upya. Nimebakiza tawi la ju—

DOMINIKA: Kaka? Haloo? Jamani, salio...